Sauti Juu ya Maji, na Jina la Mama Mjane

Wapendwa katika Bwana, msimu wa mvua umeturudia hapa Bukavu, na sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Kadutu na Bagira hatukuhitaji kalenda ili tuujue. Jua la asubuhi huchoma mabati, hewa huwa nzito na yenye unyevu, na mchana ukigeuka mawingu huwa yamekwisha kusimama juu ya milima ya Kabare. Kisha mwanga hupiga, nasi huanza kuhesabu kimoyomoyo hadi ngurumo itakapofika. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Hesabu ikiishia kwenye tatu, akina mama huita watoto ndani wala hakuna anayebisha.

Somo letu juma hili ni Zaburi ya 29. Mara saba mtunzi anataja sauti ya Bwana: juu ya maji mengi, juu ya mierezi ya Lebanoni inayovunjika, juu ya jangwa la Kadeshi linalotetemeka. Mimi naamini mtu huyu alisimama mlangoni akaitazama tufani tangu ilipotoka baharini hadi ilipoishia nyikani, kama vile sisi tunavyoitazama ikishuka kutoka milimani hadi ziwani Kivu. Aliogopa, bila shaka. Lakini katika Zaburi yote hamtaji adui aliyeituma, wala jirani, wala mwanamke mzee wa mtaani.

Naandika haya kwa sababu ya jambo lililonitokea miaka kadhaa iliyopita, nalo linanichoma hadi leo. Radi ilipiga nyumba moja mlimani kwetu, akafa kijana aliyekuwa ameegemea ukuta akingojea mvua ipungue. Kabla hatujamzika, jina lilikuwa limekwisha kupatikana: mama mmoja mjane, mzee, ambaye aliwahi kugombana na familia ile kwa ajili ya mpaka wa shamba. Watu walisema ile ilikuwa radi ya kutumwa. Nilikuwa nimeketi palepale kwenye matanga, nikiwa na Biblia mkononi, nikanyamaza. Mama yule alihama usiku, na mpaka leo sijui alikolala.

Ndugu zangu, tuutazame ukweli wa nchi tuliyopewa. Watafiti waliokusanya vipimo vya setilaiti kwa miaka 16, tangu 1998 hadi 2013, waliona kwamba katika Afrika nzima hakuna eneo lenye umeme mwingi wa radi kuliko lile walilolitaja kwa jina la Kabare: miale kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Duniani kote ni Ziwa Maracaibo, huko Venezuela, ndilo lililotangulia. Unyevu wa msitu mkubwa wa Kongo husukumwa kuelekea mashariki, ukakutana na milima yetu, ambayo Kahuzi peke yake hufikia mita 3,308, nao hauna njia ila kupanda. Huko juu kwenye baridi, chembe za barafu hugongana ndani ya wingu hadi wingu lenyewe linajaa umeme, na umeme huo hutafuta njia ya kushuka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kabla mama yule hajazaliwa, na kabla ya ugomvi wa shamba lile.

Bwana wetu naye aliletewa habari za msiba, katika Injili ya Luka, sura ya 13. Akakumbusha habari za watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akawauliza waliomsikiliza kama walidhani wale walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wote wa Yerusalemu. Alijibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawageuzia wao wito wa kutubu. Hakumpa mtu yeyote ruhusa ya kumtafuta aliyeuangusha mnara. Mimi nimeisoma sura hiyo mara nyingi tangu matanga yale, na kila mara nausikia wito ule wa toba ukinielekea mimi niliyenyamaza.

Basi kama unampenda jirani yako, mfundishe kuogopa kinachostahili kuogopwa. Wavuvi watoe mitumbwi ziwani mara wanaposikia ngurumo ya kwanza. Wachungaji wa ng'ombe wasijifiche chini ya mti ulio peke yake. Walio nyumbani wasiegemee kuta, tena wasitoke hadi nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho. Kanisa na shule zenye uwezo ziweke paratoneri, yaani chuma cha kukinga radi, juu ya paa, kwa maana kuwalinda watoto hakupunguzi imani hata kidogo.

Jumamosi hii, baada ya sala ya asubuhi, baadhi yetu tutapanda kumtembelea mama mwingine mzee ambaye jina lake limeanza kunong'onwa tangu mvua za juma lililopita. Tutabeba unga, sabuni na mabati mawili ya kuziba paa lake linalovuja. Anayetaka kufuatana nasi atukute mlangoni pa kanisa saa mbili, kabla mawingu hayajajikusanya.