Kuanzia moto hadi doria: siku yangu Ogimachi

Saa 12 asubuhi nawasha irori, jiko la shimo lililo katikati ya sebule. Niko Ogimachi, kwenye kijiji cha Shirakawa, milima ya Gifu nchini Japani, na kazi yangu ni kutunza nyumba ya kale ya nyasi. Haina dohani. Moshi unapanda wenyewe hadi paani, unakausha nyasi, unafukuza wadudu. Kwetu Njombe mahindi ya mbegu yananing'inizwa juu ya jiko kwa sababu hiyohiyo.

Saa 3 wageni wanafika. Nawapeleka darini, walikofugwa viwavi wa hariri, na hapo sina haraka. Mapaa yamefungwa bila misumari, kwa kamba za mabua ya mpunga na fito za mti wa mansaku. Fito hukunjwa zikiwa mbichi. Zikikauka zinakaza zaidi. Leo dada mmoja alishika fundo la kamba inayobana nyasi, kidole kikatoka na masizi. Akauliza nani alilifunga. Nilimwambia paa huezekwa upya kila baada ya miaka 30 hadi 40, kwa hiyo huenda fundi wake bado yupo hapahapa kijijini.

Zamani kuezeka kulikuwa kazi ya ujima tu, wenyewe wanaiita yui: watu zaidi ya 100 juu ya paa moja. Siku hizi nyumba nyingi huezekwa na mafundi wa kulipwa. Paa linatoka zuri, lakini mimi naumia, kwa sababu kijana asiyepanda paani hajifunzi kufunga.

Saa 6, wali na tofu, kisha kuni.

Saa 9 alasiri mzee jirani anapita kunywa chai. Huwa ananikumbusha mapatano ya 1971: nyumba haiuzwi, haikodishwi, haibomolewi. Mabwawa ya umeme na watu kuhamia mijini yalikuwa yamemaliza nyumba nyingi bondeni. UNESCO walikuja kuziorodhesha mwaka 1995, miaka 24 baadaye. Wenyeji ndio waliotangulia, na napenda wageni walijue hilo.

Saa 11 jioni nafukia makaa kwa majivu, nachungulia kila kona. Hapa cheche moja inatosha kuteketeza mtaa mzima. Kuna mizinga 59 ya kurusha maji, na kila msimu wa majani kupukutika yote hufunguliwa kwa pamoja kujaribiwa.

Saa 2 usiku ni zamu yetu ya doria ya moto. Tunazunguka tukigonga vibao, tukiwahimiza watu wakague majiko. Kesho ni zamu ya jirani. Mimi Jumamosi nimepangiwa kubeba nyasi kwenye paa lake.