Chakula cha jioni cha wawili EPCOT, na tulivyoelewana na wapiga picha

Kwenda Walt Disney World kule Florida na watoto ni jambo moja. Kupata muda wa kukaa mezani na mume wako, mkatazamana na kuongea mambo yenu, ni jambo jingine kabisa. Watu wengi waliniambia niisahau ndoto hiyo, kwa sababu kule kuna jua, foleni na kelele, na kila ukigeuka kuna mtu ameshika kamera. Sisi tulifanikiwa, na ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaotaka kuadhimisha ndoa zao kwenye safari ya familia na hawajui waanzie wapi.

Kilichotusaidia kuliko vyote ni makubaliano tuliyofanya kabla hatujafunga mizigo: chakula kiwe na saa yake, picha iwe na saa yake, na viwili hivyo visiingiliane. Mume wangu hapendi kabisa lenzi imwelekee akiwa anatafuna. Mimi nilitaka picha moja nzuri, ya kuning'iniza ukutani, tukiwa tumevaa tukapendeza. Tungeyaacha mambo yajipange yenyewe, yeye angekula kwa wasiwasi na mimi ningepata picha ya mtu aliyekunja uso.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua mgahawa. Disney World ina bustani nne za burudani, na migahawa ni mingi mno, ila kwa wapendanao nashauri muachane na ile ambayo wahusika wa katuni hupita meza kwa meza. Watoto huifurahia sana, lakini ndiko kamera zinakojaa. Mkianza tu kuongea jambo la maana, anatokea panya mkubwa mwenye glovu nyeupe na kila mtu anasimama apigwe picha naye. Niliangalia pia California Grill, iliyo ghorofa ya 15 ya hoteli ya Contemporary, ambako mtu anaziona fataki za Magic Kingdom, mojawapo ya bustani hizo, kupitia dirishani. Uzuri wa migahawa ya hotelini ni kwamba huhitaji tiketi ya bustani ili kuingia, kwa hiyo kwa wanaotaka jioni ya wawili tu bila gharama ya kiingilio, huko ndiko pa kwenda. Ila migahawa ya daraja hilo ina masharti ya mavazi, na sisi siku yetu ilikuwa ya EPCOT, bustani nyingine kati ya hizo nne, pamoja na watoto.

EPCOT ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982, na upande wake wa nyuma una mabanda ya nchi 11 yaliyozunguka ziwa. Tulichagua San Angel Inn, ndani ya banda la Meksiko. Sababu yangu ilikuwa hii: mgahawa huo uko ndani ya piramidi, chini ya dari lililotiwa giza kama anga ya usiku, na humo ni jioni saa zote. Nje inaweza kuwa saa nane mchana na jua linachoma. Ndani ni usiku mwanana. Giza lile lenyewe linafukuza kamera.

Meza zinaanza kubukiwa siku 60 kabla. Ukikosa, usikate tamaa, maana kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Migahawa mingi ya kukaa mezani pale inakuruhusu kufuta nafasi yako hadi saa mbili kabla ya muda, na ukipitisha hapo bila kutokea unatozwa dola 10 kwa kila mtu. Maana yake ni kwamba watu waliobadilisha mipango huziachia meza zao usiku wa kuamkia siku yenyewe, au saa mbili na dakika chache kabla. Meza yetu niliipata kwa njia hiyo. Nilikuwa nimetulia kivulini na simu mkononi, naifungua na kuifunga programu yao, mara ikatokea nafasi ya watu wawili, saa kumi na mbili jioni. Niliigonga kabla hata sijamwambia mume wangu.

Saa hiyo niliitaka kwa makusudi. Kiangazi cha Florida kina tabia ya kuleta mvua ya radi alasiri, na hewa yake ni nzito, nguo zinakuganda mwilini. Kwa hiyo nilipanga tule ndani wakati nje bado kuna joto, kisha tutoke jua likiwa linaelekea kuzama. Mwezi wa sita na wa saba jua la Orlando linazama baada ya saa mbili usiku, kwa hiyo baada ya mlo bado unaupata ule mwanga laini wa kupigia picha. Jua la mchana linakaa utosini na kukutia kivuli machoni, hata mpiga picha hodari hawezi kukuokoa. Anayekwenda Desemba ageuze hesabu, apige picha kwanza ndipo ale, kwa sababu mwezi huo jua linazama kama saa kumi na moja na nusu jioni.

Watoto tuliwaacha na wifi yangu, ambaye anaishi kule Marekani na ndiye aliyetukaribisha. Nilimwambia, "Wifi, nikuibie jioni moja tu." Akanijibu, "Nendeni, wifi yangu. Hawa watoto na shangazi yao wana mambo yao." Gauni langu la kitenge nilikuwa nimelikunja ndani ya begi, nikaenda chooni kunawa na kubadilisha, nikapaka mafuta kidogo, nikatoka nikiwa mtu mwingine. Jambo dogo hilo, lakini msilidharau. Mtu aliyeshinda juani na raba za vumbi hajisikii kama anatoka na mumewe.

Mle ndani unapita kwanza kwenye kiuwanja kilichopangwa kama soko la usiku, kisha ndipo unafika kwenye meza zilizo kando ya maji. Boti za watalii zinapita taratibu karibu na wanaokula, na ng'ambo kuna piramidi nyingine na mlima wa volkano unaofuka. Tulipopokewa nilimwomba mhudumu atukalishe karibu na maji kama nafasi ipo. Ombi hilo si haki, lakini halina ubaya kulitoa, na siku hiyo lilikubaliwa. Taa ya mezani ilitoa mwanga kama wa kibatari. Jirani zetu waliwasha tochi za simu kusoma menyu. Sisi tulimwomba mhudumu atueleze, tukamwambia mapema kwamba hatuli nguruwe, naye akaenda kuuliza jikoni kabla hatujaagiza. Nilikula kuku wa mchuzi wa mole, ule mzito wa pilipili nyingi zilizokaushwa na chokoleti kidogo. Simu zote mbili tulizilaza kifudifudi.

Tuliongea. Tuliongea habari za mwaka tulipooana, za nyumba tunayojenga, za mambo ambayo kwa muda mrefu tulikuwa tukiyasema nusunusu koridoni huku tukiwahi kazini. Sikuhitaji kitu kingine chochote kutoka safari ile.

Sasa nije kwenye wapiga picha, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa na jioni yao.

Kwanza mjue kwamba si wote wanafanya kazi kwa utaratibu mmoja. Kwenye safari hiyohiyo tulitembelea bustani nyingine isiyo ya Disney, ambayo sitaitaja, na huko mpiga picha huzunguka kwenye meza za chakula wakati onyesho likiendelea. Anapiga, anaondoka, kisha anarudi mwingine na picha imeshachapishwa, imewekwa ndani ya folda ya karatasi ngumu, anakuwekea mezani karibu na sahani. Bei unaisikia mwishoni. Ukishaishika folda mkononi, na watoto wameshajiona humo, kukataa kunakuwa kuzito. Niliona baba mmoja wa meza ya pili analipa huku uso umemshuka, na hilo lilinigusa, kwa sababu alikuja kufurahi na familia yake.

Dawa yake ni kuwahi. Mhudumu wa huko alipotukalisha tu nilimwambia, "Tungependa tusipigwe picha tukiwa mezani, tafadhali." Mhudumu ndiye anayezifahamu zile meza, na neno lake linafika. Hata hivyo mpiga picha mmoja alikuja. Kabla hajainua kamera nilimtazama machoni, nikatabasamu, nikaweka kiganja kifuani na kumwambia, "Asante sana, leo tunakula tu." Akaitikia kwa kichwa akapita. Sikujieleza zaidi, wala sikuomba radhi. Ukianza kutoa sababu, unamfungulia mlango wa kukujibu kila sababu. Na ukingoja hadi ameshapiga, umeshampa kazi ambayo atataka ilipwe, na sioni haki kumlaumu yeye peke yake. Yuko kazini, anasimama kutwa nzima, anastahili jibu la haraka na la adabu ili aende kwa anayemhitaji.

Wale wanaokusimamisha langoni na kukuelekeza "simameni hapa" nao ni hivyohivyo. Kama hamtaki, salimieni na mwendelee kutembea bila kupunguza mwendo. Kama mnataka, ulizeni mambo mawili kwanza: bei ni kiasi gani, na je, nisipoipenda nalipa? Kwa upande wa watoto tuliahidiana nao tangu asubuhi kwamba kila mmoja atachagua picha moja tu ya kununua, kutoka mashine yoyote ya michezo atakayopanda, maana nyingine hukupiga picha ukiwa juu yake. Kwa hiyo kila walipotoka na kuona sura zao kwenye skrini pale kwenye kaunta, walijiuliza wenyewe kama hiyo ndiyo wanayoitaka, badala ya kunililia mimi.

Ndani ya Disney utaratibu ni mwepesi zaidi, na nilitaka kuutumia vizuri. Wapiga picha wao wanasimama kwenye sehemu maalumu zenye mandhari nzuri. Anakupiga, anaskani msimbo ulio kwenye programu ya simu yako, picha zinaingia kwenye akaunti yako, nawe unaziangalia baadaye kwa utulivu. Hakuna fedha inayotolewa pale. Ukizipenda unanunua moja au furushi zima. Usipozipenda unaziacha zilivyo. Zaidi ya hapo, ukimpa simu yako na kumwomba, anakupiga na hiyo pia bila malipo. Hili ni la thamani kubwa, hasa kwa kuwa fimbo za selfi zimepigwa marufuku ndani ya bustani zao tangu mwaka 2015. Huna haja ya kumsimamisha mpita njia na kumkabidhi simu kwa wasiwasi.

Tulipotoka kwenye piramidi, mvua ilikuwa imeshapita na sakafu inang'aa. Tulitembea hadi mbele ya lile tufe kubwa la EPCOT, lenye urefu wa kama mita 55, tukapanga foleni fupi. Zamu yetu ilipofika sikungoja kuelekezwa. Nilimwambia yule dada mpiga picha, "Tunaadhimisha ndoa yetu. Tunataka picha mbili tu: moja tumesimama tumeshikana mikono na tufe nyuma yetu, nyingine tunatazamana. Hatutaki kuruka wala kunyanyuana." Akacheka, akasema hilo anaweza. Mume wangu aliposikia hakuna kuruka, mabega yakamshuka palepale, na nadhani ndiyo maana picha ilitoka vile. Yule dada alitusogeza hatua moja kushoto ili mwanga wa jua utuangukie usoni, akanirekebishia pindo la gauni lililokuwa limejikunja, akapiga. Kisha akaichukua simu yangu na kupiga tena pozi zilezile.

Nimjibu pia anayejiuliza kuhusu malipo ya mezani. Kule bei ya menyu haina kodi ndani yake, na bahashishi ya mhudumu ni ya lazima kwa desturi ingawa haijaandikwa: wengi hutoa kati ya asilimia 18 na 20. Mhudumu anachukua kadi yako, anarudi na karatasi yenye mstari mtupu, unaandika mwenyewe kiasi na kutia saini. Fanyeni hesabu hiyo nyumbani mapema ili mmoja wenu asianze kuguna bili ikiletwa.

Wifi na watoto walitukuta kando ya ziwa dakika chache kabla ya fataki za saa tatu. Mdogo alikuwa ameshalala begani kwa shangazi yake.

Kuhusu zile picha, kumbukeni kwamba kwenye akaunti hazikai milele. Muda wake ni siku 45 tangu zipigwe, kisha zinafutika. Usiku uleule, watoto wakiwa wamelala, tulizifungua na kuzilinganisha na zile za simu. Za simu zilitosha kabisa kwa grupu la familia. Kutoka kamera yao tulinunua moja, ile ya kutazamana, nikaipeleka kuchapishwa kwa ukubwa wa fremu ya sebuleni.