Chaja yangu iliyeyuka, kumbe tatizo lilikuwa betri

Chaja yangu ya betri ya gari, ile ya ampea 10, niliikuta imeyeyuka ubavuni, plastiki imejikunja na harufu ya kuungua imejaa chumba kizima. Kila niliyemwambia akasema hiyo feki tupa nunua nyingine, mi nikakataa, chaja imefanya kazi vizuri muda mrefu halafu iungue tu ghafla? Lazima kuna kitu.

Nikachomoa, ikapoa kabisa ndo nikaifungua. Cha kwanza kuangalia fyuzi, nzima! Hapo nikaanza kupata mwanga, maana ingekuwa shoti fyuzi ingekatika palepale. Yaani umeme haukuzidi kiwango, ila ulipita bila kupumzika. Transfoma safi, palipoyeyuka ni pale kwenye diodi, vile vidude vinavyogeuza umeme wa ukutani uende upande mmoja tu ili betri ichajike, risasi ya kulehemu imelegea mpaka mguu wa diodi ukiugusa unacheza. Na umeme unapita diodi mbili kwa mpigo, kila moja inakula karibu volti 1, kwa ampea 10 hiyo ni kama wati 20 za joto tupu kwenye kiboksi kidogo usiku kucha.

Sasa kwa nini haikupumzika? Nikapima betri, volti 10.4, na imetoka kuchajiwa hiyo! Betri nzima ikijaa inasoma kama 12.6, ina seli 6, yaani vyumba vya ndani, kila moja volti 2.1, so ikigoma hapo kwenye 10 na nusu shuku seli moja imekufa. Nikachukua kile kipimo cha kufyonza maji ya betri, kinapima uzito wa asidi, namba ikiwa kubwa ndo seli ina chaji, seli tano zikasoma karibu 1250, moja ikabaki 1100 na maji yake meusi kama tope. Chaja inasubiri betri ifike volti 14.4 ndo ipunguze ampea, na seli tano hazifiki huko, kwa hiyo ikaendelea kusukuma tu mpaka ikajiunguza.

Ndo maana nasema chaja ikiyeyuka pima betri kabla hujanunua chaja nyingine, utaunguza na hiyo mpya. Tena betri ya hivyo inachemka na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, cheche moja tu inatosha, usiiache inachaji ndani ukaenda kulala.

Nimebadilisha betri, nikaweka diodi kubwa zaidi nikazifunga kwenye bati la kupooza joto, sasa ikifika 14.4 ampea zinashuka zenyewe na boksi linakuwa vuguvugu tu.