Barua ya kufukuzwa utaielewa, maneno ya kukufukuza hutayaelewa

Kuna faili la PDF linauzwa kwenye makundi ya WhatsApp ya ndugu wa Bukavu, Goma na Bujumbura wanaojiandaa kuja Kanada. Misemo 500 ya Kiingereza, kila mmoja na mwenzake wa Kifaransa, na wa kwanza kabisa ni "it's raining cats and dogs", il pleut des cordes. Muuzaji anaahidi kwamba mwenye Kifaransa ataongea Kiingereza ndani ya miezi 3. Limeniudhi, ndiyo maana naandika. Huku mvua ikimwagika watu husema "it's pouring" na kufunga zipu. Hao paka na mbwa unaweza kukaa miaka bila kuwasikia. Msemo unaokungoja kwenye ghala la Edmonton au kiwanda cha nyama hauna mnyama hata mmoja: "we have to let you go."

Anayepitisha kila kitu kwenye Kifaransa anasikia laisser partir, yaani karuhusiwa kwenda nyumbani mapema. Anashukuru, anachukua jaketi lake, kesho yake beji haifungui mlango. Kumbe amefukuzwa. Halafu mtu mwingine anampigia simu, wanaongea vizuri, mwishoni anaambiwa "okay, I'll let you go", naye moyo unamruka. Hapo hakuna kosa lolote, ni kuaga tu. Kifaransa nacho kinaaga hivyo hivyo kwa upande wa pili: je te laisse. Mwenye Kifaransa anakuacha, mwenye Kiingereza anakuachia. Kinachotenganisha ni mahali na msemaji: ofisini, mlango umefungwa, na kuna "have to", hapo kibarua kimeota nyasi.

Ahadi ya miezi 3 ina ukweli nusu. Tangu Wanormani kutoka Ufaransa waivamie Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kimebeba maneno mengi ya Kifaransa, hasa ya mahakama, serikali na ofisi. Kwa hiyo fomu na barua hazitakutesa; "termination of employment" unaisoma bila kamusi. Bosi akifungua mdomo lakini, hayo anayaweka kando. Anachukua vitenzi vifupi kama get, call, lay, write, na kuvitia mkia: up, off, in, out. Maana imekaa kwenye mkia. Mswahili asishangae sana: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, na hakuna anayeumia.

Ya kazini anza nayo kabla ya ndege. "Call in sick" ni kupiga simu kwamba unaumwa, na uipige kabla ya zamu kuanza. Usipopiga wala kutokea, hiyo ni "no call, no show", na sehemu nyingi haivumiliwi mara mbili. "Pick up a shift" ni kuchukua zamu ya ziada. "Cover for me" ni kushikiwa zamu. "Write up" ni onyo la maandishi kwenye faili lako, kwa hiyo ukisikia "I'll have to write you up", usitabasamu ukidhani unapandishwa cheo.

"Laid off" na "fired" usizichanganye kamwe, maana hapo pana pesa. Laid off ni kazi imeisha, kosa si lako. Fired ni umefukuzwa. Ukiondoka kazini Kanada, mwajiri anatoa Record of Employment, yaani hati ya kumbukumbu ya ajira yako, na kwenye kisanduku namba 16 anaweka herufi ya sababu: A ni kazi kupungua au kuisha, E umeacha mwenyewe, M umefukuzwa. Malipo ya bima ya ajira yanategemea sababu hiyo. Mtu aliyepunguzwa kazi akajaza "I was fired" kwenye ombi la malipo hayo, kwa sababu kichwani ana neno moja tu la Kifaransa, renvoyé (kafukuzwa), anajitafutia maswali na wiki za kusubiri bila shilingi. Angalia herufi kwanza, kisha ujaze.

Kuna mtego mwingine ambao Kifaransa na Kiswahili vinakuwekea kwa pamoja. Ukikaribishwa kahawa ukajibu "thank you" peke yake, utamiminiwa, kwa sababu ile merci ya kukataa haipo huku. Kukataa ni "I'm good, thanks". Na swali la kukanusha: muuguzi anauliza "You don't have any allergies?" Kwa Kiswahili unajibu ndiyo, sina. Ukisema "yes" kwa Kiingereza, unaweza kueleweka kwamba unazo, na aanze kuuliza zipi. Dawa ni kujibu sentensi nzima: "No, I don't have any." Hospitalini, uhamiaji na polisi, usimwachie mtu "yes" tupu.

Maneno pacha yasiyo ndugu, sura moja kwa Kifaransa na Kiingereza lakini maana mbili, mengine ni madogo, haya matatu yanagharimu. "I demand a day off" si demander, yaani kuomba, umetoa amri. "Assist" ni kusaidia, si kuhudhuria. "Eventually" si éventuellement: ukiambiwa "you'll get full-time eventually", hawajasema labda, wamesema mwishowe. Lini, hawajasema, na hiyo ndiyo ya kuuliza.

Tafsiri nyingine za moja kwa moja kutoka lile faili zina sumu. Appeler un chat un chat, yaani kusema wazi bila kuficha, wameiweka sawa na "call a spade a spade". Hiyo "spade" Amerika ya Kaskazini iliwahi kuwa tusi kwa watu weusi. Sema "to be honest" upite. Travailler au noir nayo usiifanye "work black". Ni "under the table", na usikubali, ni malipo yasiyo na kodi wala bima. Dukani, "rain check" ni karatasi ya kukuwezesha kununua baadaye kwa bei ya punguzo bidhaa iliyokwisha. Iombe bila aibu.

Sasa namna ya kujifunza. Andika sentensi nzima, nani kamwambia nani, wapi, na nini kilifuata. Tafsiri ya Kifaransa usiiandike. Misemo mitano kwa wiki inatosha. Chini yake andika mlio kwa tahajia ya Kiswahili, kwa sababu sisi tunaandika tunachosikia, Kifaransa kina herufi bubu: "call in sick" ni kolinsik, "have to let you go" ni hafta lechu go. Mkazo upige kwenye mkia ikiwa kitenzi, lay OFF, write UP. Ikiwa nomino urudi mbele, LAYoff, WRITE-up. Ndugu wa Lubumbashi tunaosema "apana" tuishike h kwa nguvu, maana Kifaransa nacho kimetuzoesha kuiacha, na "I'm hungry", nina njaa, inageuka "I'm angry", nina hasira.

Usipoelewa, usitikise kichwa. Wala usiulize maana ya neno, utapewa msemo mwingine. Uliza tukio: "So, do I come in tomorrow?" Jibu litakuwa ndiyo au hapana.

Kifaransa chako usikitupe. Kinakupa pointi za Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, kupitia mitihani ya Kifaransa ya TEF au TCF Canada, na kwa uraia, wenye miaka 18 hadi 54 wanaweza kuthibitisha kiwango cha 4 cha kusikiliza na kuongea kwa Kifaransa pekee. Ndiyo maana wengi wanatoka Montreal kwenda Alberta na karatasi safi na masikio mabichi. Ukifika na ukaazi wa kudumu, madarasa ya LINC, ya Kiingereza kwa wahamiaji, ni bure, hata kama Kifaransa chako ni cha chuo kikuu. Weka miadi ya tathmini wiki ya kwanza, uliza darasa la jioni, na usome kabla hujala kiapo, kwa sababu raia LINC hawampokei.