Kuandika maisha ya bibi mzaa bibi aliyejitegemea

Ukiuliza ukoo wa pwani habari za bibi mzaa bibi wao, la kwanza utakaloambiwa ni kwamba alikuwa mkali. Hakuogopa mtu. Aliachika mara tatu na hakulia. Utaandika yote, na ukifika nyumbani utakuta umebeba vituko vinne tu. Ukali ule ulikuwa na pa kuegemea: alikuwa na chake. Kwa hiyo anza na riziki yake.

Usiridhike ukiambiwa "alisuka mikeka." Miyaa, majani ya kusukia, alikata mwenyewe au alinunua? Ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, alisuka pima ngapi kwa siku, mkeka ulimchukua siku ngapi, na nani aliyekuja kuuchukua? Kama alikuwa mtu wa makumbi ya nazi, ufuate mwaka wake. Makumbi hufukiwa ufuoni, hukaa miezi yakilainika, ndipo hufukuliwa, hupondwa, na usumba husokotwa kamba. Mwanamke mwenye shimo lake pwani hupata fedha kwa majira. Ukishayajua majira hayo, utaelewa kwa nini hakungoja mume amletee kanga ya Idi.

Kisha uliza nyumba ilikuwa ya nani. Hili watu hulisahau, na mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Lamu, familia za nyumba za mawe zilikuwa zikimpa binti nyumba, au ghorofa, anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Wakikosana, aliyefunga mizigo alikuwa mwanamume. Simulizi ya "alimfukuza mumewe" husikika tofauti kabisa ukishajua kwamba mlango ulikuwa wake.

Katika maandishi, mtafute kwa jina la baba yake. Hakubadili jina kwa kuolewa. Alibaki Fulani binti Fulani ndoa zote, na anayetafuta kwa jina la mume hutoka mikono mitupu. Kwa pwani ya Kenya, madai ya ardhi yaliandikishwa chini ya sheria ya hatimiliki ya 1908, na majina ya wanawake yamo. Ndoa na talaka, ulizia kwa kadhi. Kwa Unguja, nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na kama kuna nyumba ya wakfu, ulizia Kamisheni ya Wakfu. Jaribu tahajia zote za jina, kwa sababu karani aliandika alivyosikia.

Mwaka wa kuzaliwa huwashinda wengi. Kitambulisho kikisema 1 Januari, tarehe hiyo mara nyingi ni ya karani. Wala usiwaulize wazee "alizaliwa lini?" Shika jambo linalojulikana mwaka wake, kisha uliza mwili wake ulikuwa umefika wapi: ana meno ya utoto, amevunja ungo, au ananyonyesha mtoto wa kwanza? Mambo ya kushika ni kama Vita vya Mjerumani (1914–1918), homa kubwa ya mwishoni mwa 1918, na kuondoka kwa rupia, ambayo Kenya na Tanganyika iliachia shilingi mapema miaka ya 1920 na Unguja 1936. Aliyevunja ungo Unguja rupia ikiwa bado sokoni, alizaliwa karibu na 1922 au kabla. Tafuta jambo la pili lisilotegemea la kwanza, nayo yakikubaliana, andika "takriban." Angalia pia mwezi mwandamo: miaka 70 ya Hijria ni kama 68 ya miladi, na aliyehesabu kwa Ramadhani atakuzidishia miwili.

Wasimulizi waendee mmoja mmoja, mkongwe kwanza. Ukiwakusanya barazani, mwenye sauti kubwa atawameza wenzake na wote watatoka na simulizi yake. Mpelekee mzee kitu cha kushika, kijaluba cha tambuu au mbuzi ya nazi. Mkono hukumbuka kabla ya ulimi. Zima feni, maana sikio huizoea lakini simu inayorekodi hairuki hata sekunde yake. Weka simu kiasi cha shubiri moja na nusu kutoka kwake, na usipitishe dakika 45. Kuandika saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita, basi usirundike. Akisema "mato" kwa macho, andika mato. Ukimsahihisha kwa Kiswahili sanifu umemwondoa Mvita, yaani Mombasa yake.

Masimulizi yakipingana, acha yote mawili na jina la msemaji pembeni. Na sababu za talaka, kabla hazijasomwa na ukoo mzima, msomee kwanza mtoto wake aliye hai, mkiwa wawili. Akisema futa, futa.