Siku moja na samaki wenye michoro adimu

Saa 11 alfajiri

Siwashi taa. Naingia na tochi nyekundu, napita tangi baada ya tangi nikihesabu pumzi. Samaki wengi wa matumbawe hupauka wanapolala, na wengine hujivika mabaka ya usiku ambayo hata mwenye samaki hayatambui, kwa hiyo saa hii urembo wao haunihusu. Natazama vifuniko vya matamvua tu. Anayehema upesi kuliko wenzake na hakuna aliyemshtua ana jambo: amonia, taka ya samaki wenyewe, imepanda, oksijeni imepungua, au vimelea wameingia kwenye matamvua. Kimelea kiitwacho Amyloodinium huanzia huko huko, na vumbi lake la dhahabu likishaonekana kwenye ngozi, mara nyingi samaki yuko hoi.

Leo wote wametulia. Joto nyuzi 25.5, uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji matamu 1.025. Naandika kwenye daftari, nasuuza vitambaa vya chujio. Wanaoiona kwenye picha kazi hii ya kupokea na kutunza samaki adimu wa wateja hudhani ni rangi tupu. Sehemu kubwa ni ndoo.

Saa 1 asubuhi

Mwani mkavu kwa kangaja, kamba wadogo walioyeyushwa barafu kwa samaki malaika, mayai ya samaki kwa wageni ambao bado wanasusa. Anayenichelewesha ni mandarini, Synchiropus splendidus, anayedonoa kopepodi hai, wadudu wadogo wa majini, mmoja mmoja kutwa nzima. Mtie kwenye tangi jipya lisilo na wadudu hao na atakonda mbele ya macho yako huku rangi zikiwaka vilevile. Na rangi zenyewe si za kawaida. Samaki wengi tunaowaita wa buluu hawana buluu yoyote ndani yao: ni tabaka za fuwele kwenye ngozi zinazorudisha mwanga wa rangi hiyo. Mandarini ni miongoni mwa wanyama wachache sana ambao seli zao zina buluu halisi.

Saa 3 asubuhi

Maboksi yamefika. Hapa ndipo samaki wengi hufa, na mara nyingi huuawa na mtu mwenye nia njema.

Samaki aliyesafiri mchana na usiku ndani ya mfuko amekuwa akitoa hewa ya ukaa na amonia humo humo. Hewa ya ukaa hushusha pH, yaani huongeza asidi majini, na pH ikiwa chini, amonia nyingi hubaki katika umbo la amoniamu, ambalo halimdhuru sana. Fungua mfuko: hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda, na ile amoniamu inageuka sumu samaki akiwa bado mle ndani. Ndiyo maana siupendi ule mtindo wa kufungua mfuko na kumdondoshea maji tone kwa tone kwa saa nzima. Naiacha mifuko ielee ikiwa imefungwa mpaka joto lilingane. Chumvi ya tangi la karantini nimekwisha kuiweka sawa na ya msafirishaji tangu jana. Kisha nakata, nahamisha, na maji ya mfuko namwaga. Taa zote za chumba zimezimwa. Macho yaliyokaa gizani hayataki kuamshwa na mwanga mkali.

Boksi moja limekuja na bahasha ya vibali: Holacanthus clarionensis, malaika wa rangi ya chungwa mwenye makazi yake makuu kwenye visiwa vya Revillagigedo, Meksiko. Tangu mkutano wa 2016 wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, jamii hii imo kwenye Kiambatisho cha Pili, maana yake hakuna kumvusha mpaka bila karatasi. Huyu amezaliwa kwenye mabwawa, na karatasi zinasema hivyo. Nazisoma neno kwa neno. Samaki adimu asiye na asili inayoeleweka simpokei, hata awe mzuri namna gani.

Saa 5 asubuhi

Sasa yule niliyemngoja. Ni malaika mwingine, Pomacanthus imperator, ametoka utotoni karibuni. Akiwa mdogo alikuwa wa buluu nzito mwenye duara nyeupe moja ndani ya nyingine. Sasa mistari ya njano ya utu uzima imetanda. Upande wa kulia ni wa kawaida. Upande wa kushoto mistari imepotea njia: miwili inagawanyika panda katikati ya ubavu, mmoja umejikunja ukarudi ulikotoka. Namweka kwenye kisanduku cha kioo chenye kipimo nyuma, napiga picha ubavu huu, ubavu huu, mkia, haraka, kisha namrudisha.

Picha hizo nazirudia kila wiki, na ndizo kiini cha kazi yangu kuliko samaki mwenyewe, kwa sababu mchoro wa samaki huyu hausimami. Mwaka 1952 mwanahisabati Alan Turing alionyesha kwa hesabu kwamba kemikali mbili zinazosambaa kwa kasi tofauti na kuathiriana zinaweza kujipanga zenyewe kuwa madoa au mistari. Wabaiolojia wengi waliliona kama zoezi la wanahisabati. Mwaka 1995 Shigeru Kondo na Rihito Asai walichapisha kwenye jarida la Nature walichokiona kwa malaika wa jamii hii hasa. Samaki anakua, lakini nafasi kati ya mstari na mstari haipanuki naye. Kwa P. imperator mstari hugawanyika, na ile panda husogea ubavuni kama zipu inayofunguliwa, mpaka mahali palipokuwa na mstari mmoja kuna miwili. Kwa binamu yake P. semicirculatus akiwa mdogo, mistari mipya huchomoza katikati ya ile ya zamani.

Maana yake kwa mkusanyaji ni chungu kidogo. Ile panda anayoilipia leo iko safarini.

Si kila mchoro wa ajabu uko hivyo. Mwingine umo kwenye damu: yule samaki klauni wa Papua New Guinea mwenye mistari iliyochanikachanika kama radi, Matt Pedersen alimzalisha mwaka 2012 na baadhi ya watoto wakaurithi mchoro. Mwingine ni chotara, hasa pale jamii mbili za Centropyge, malaika wadogo, zinapokutana kwenye mwamba mmoja. Mwingine ni kovu tu, ngozi iliyojeruhiwa ikaota upya bila mpangilio, na huyo hurudi kuwa kama wenzake. Wauzaji huwaita wote jina moja, adimu, na mimi nauona huo ni uvivu.

Saa 8 mchana

Kupima shaba, dawa ya vimelea ninayoitia kwenye tangi la karantini. Hii niliyonayo, iliyofungwa kikemikali, inatakiwa kukaa kati ya miligramu 2 na 2.5 kwa lita. Ikipungua vimelea wanapeta, ikizidi samaki anasusa. Shaba haimgusi Cryptocaryon, kimelea cha madoa meupe, aliyejichimbia kwenye ngozi. Inamngoja atoke, aogelee kutafuta mwenyeji mpya. Kwa hiyo hakuna njia ya mkato.

Saa 10 jioni

Mzee mmoja mpiga mbizi anapiga simu. Shikamoo, marahaba, kisha moja kwa moja: nilishapata kumpokea malaika aitwaye boylei? Sijapata. Malaika huyo mwekundu mwenye mistari myeupe alielezwa kisayansi mwaka 1992 na Richard Pyle na John Randall kutokana na samaki wa Rarotonga, Visiwa vya Cook, na anaishi kina ambacho wapiga mbizi wa kawaida hawafiki.

"Kushuka si kazi," mzee ananiambia. "Kazi ni kumpandisha."

Kibofu cha hewa cha samaki hutanuka kadiri anavyopanda, kwa hiyo husimamishwa njiani au hutobolewa kwa sindano. Pyle, ambaye mwenyewe alikuwa akivua kina kirefu, aligundua kwamba siku anazosimama njiani kuwashughulikia samaki alitoka majini na uchovu mdogo kuliko siku alizotoka mikono mitupu. Kutoka hapo ukazaliwa mtindo wa vituo vya kina, yaani kusimama kidogo ukiwa bado kina kirefu unapopanda, kwa wapiga mbizi, na wataalamu wamebishana juu yake hadi leo. Mzee bado anauamini. Mimi nausikiliza tu, sijashuka hata robo ya alikofika yeye.

Saa 2 usiku

Imperator amedonoa sponji mara mbili. Kwa siku ya kwanza inatosha. Nawatumia wateja ripoti, na mmoja anajibu papo hapo.

"Dada, hiyo panda ya kushoto itabaki?"

"Kaka, siwezi kukuahidi. Kwa umri wake itasogea, huenda ikaisha."

"Ikiisha atakuwaje?"

"Imperator wa kawaida. Mkubwa, mzuri, anayehitaji tangi refu kuliko ulilonalo."

Anakaa kimya dakika kadhaa. "Basi mwache hapo. Nitumie picha."

Nimemtumia zote, na ubavu wa kulia nao.