Kuwafanya wanafunzi wadhibiti wa Franco

Nafundisha fasihi ya kisasa ya Uhispania katika chuo kimoja kidogo huku Marekani. Sehemu iliyokuwa ikinitoa jasho ni riwaya za enzi ya Franco, dikteta wa Uhispania. Alifariki mwaka 1975, wanafunzi wangu hata wazazi wao wengine hawakumjua. Wakisoma riwaya za baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanaona watu wamekaa mkahawani, wanavuta sigara, wanadaiwa. Basi.

Dawa niliipata kwenye utafiti wangu. Majalada ya udhibiti wa vitabu yamehifadhiwa Alcalá de Henares, mji alikozaliwa Cervantes, mwandishi wa Don Quijote, si mbali na Madrid kwa treni. Msomaji wa serikali, yaani mdhibiti, alipewa muswada na fomu yenye maswali: Je, unashambulia mafundisho ya dini? Maadili? Kanisa au watumishi wake? Utawala na taasisi zake? Watu wanaoshirikiana au walioshirikiana na utawala?

Nikaitafsiri fomu, nikawagawia pamoja na kurasa za mwanzo za La colmena, riwaya ya Camilo José Cela, jina la mwandishi nimelifuta. Nikawaambia leo wadhibiti ni nyinyi, kalamu nyekundu hizo hapo.

Darasa likaamka. Katika kurasa hizo, nyingi ya meza za mkahawa wa doña Rosa zina marumaru yaliyotoka makaburini, na kipofu akipapasa kwa chini angeweza kusoma maandishi ya marehemu. Binti mmoja akaniuliza, “Profesa, hii nayo niikate? Mbona hakuna swali linaloigusa?” Mwenzake akadakia kwamba wateja wanakunywa kahawa juu ya wafu, kama hilo si la kukata basi ni lipi. Wakabishana mpaka kipindi kikaisha, mimi nimeegemea dirisha.

Kipindi kilichofuata ndipo nikawaeleza kuwa riwaya hiyo ilikataliwa Uhispania, ikatoka Buenos Aires, Argentina, mwaka 1951, na kwamba Cela mwenyewe aliwahi kuwa mdhibiti wa majarida. Hilo la mwisho liliwaudhi kuliko yote, na kusema kweli hata mimi bado linanikera.

Sasa nikienda kwenye majalada natafuta ya makala yangu na ya darasa kwa pamoja, hasa pale wasomaji wawili walipopingana juu ya kitabu kimoja. Ukitaka kujaribu, matokeo ya jalada yafiche mpaka mwisho. Wanafunzi wakijua mapema kwamba kitabu kilipigwa marufuku, wanakata kila kitu, hata sukari ya kwenye kahawa.